ExomeDepth nimeitumia miezi minne, haya ndo niloyaona

Nyie mnaoniuliza kila siku natumia programu gani kuhesabia nakala za jeni, mie natumia ExomeDepth. Ya bure, inakaa ndani ya R (lugha ya kompyuta ya mambo ya takwimu), na laptopu yangu ya ramu 8 imeiweza, japo siku ya mwanzo nimeiacha isome mafaili ya BAM (ndo yanayohifadhi vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) usiku kucha, saa nane umeme Mwanakwerekwe ukakatika na betri yangu ndo marehemu, asubuhi nikaanza upya.

Kazi yake yahesabu vipande vya DNA vilivyosomwa kwenye kila eksoni (sehemu ya jeni inayobeba maelekezo ya protini) ya mgonjwa, halafu inalinganisha na watu wengine. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, ya mama na ya baba, basi kwenye safu ya reads.ratio ukiona karibu na 1 mambo sawa, 0.5 nakala moja haipo, 1.5 imezidi moja. Hapo ndo nilipoipendea.

Ila hao watu wengine unaowalinganisha nao, jamani! Mie niliona wingi ndo uzuri, nikatia sampuli za bachi mbili, yaani zilosomwa kwenye mashine kwa mikupuo miwili, wanaume kwa wanawake, chungu kimoja. Majibu yakamwagika, kila mtu kakatika pahala, nikakaribia kupiga kigelegele kumbe bachi zenyewe tu zimesomwa tofauti. Kromosomu X ndo kichekesho, wanaume kibao eti wamepungukiwa nakala, we mwanamme si anayo X moja toka tumboni mwa mamaake? Nikarudi, bachi moja moja, X wanawake mbali wanaume mbali, orodha ikanywea.

Kilichonitia uchungu ni alfa-thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, khasa kile kipande cha kb 3.7 (herufi 3,700 hivi za DNA) kinachokosekana kwa watu wengi huku kwetu pwani. Sampuli nnayo, PCR (kipimo cha maabara cha kuzidisha kipande cha DNA) ishasema kipande hakipo, programu kimya! Jeni zake mbili, HBA1 na HBA2, ni mapacha wa kufanana, kipande cha DNA kikisomwa hakijulikani cha jeni ipi, na programu ukiiacha ilivyo inavitupa vyote visivyo na uhakika wa pahala pake. Kwa hilo msihangaike nayo, nendeni PCR moja kwa moja.

Na BF (Bayes factor, alama ya nguvu ya ushahidi wa kila jibu) ikiwa ndogo mie siandiki kitu, nafungua IGV, programu ya kutazamia vipande vya DNA, kwanza nione kwa macho yangu.

Anotaka skripti yangu aseme, maelezo ya ndani nimeyaandika Kiunguja msinicheke.