TAHADHARI: "Ajenti wa Kanada" anayepima mafundi wa kuchomelea Changamwe

Mafundi wa Mombasa, msimpe huyu mtu hata shilingi. Mnamjua, yule wa helmeti nyeupe. Amekula hela za vijana wetu na simu haishiki tena.

Na waliolipa msiwacheke. Huyu hakuja na maneno matupu, alikuja na mabomba. Alikodi karakana, kila kijana akapewa bomba la inchi 6 limeinamishwa nyuzi 45, ule mkao wa mtihani uitwao 6G, akaambiwa apige ruti, mshono wa kwanza wa ndani, kwa rodi ya E6010, ajaze na kumalizia kwa E7018. Akapita na tochi akichungulia ruti kwa ndani. Mmoja alimrudisha kwa kuwa kingo za bomba zimeliwa kando ya mshono. Mwingine alimwambia mwanya wake mwembamba, moto hautapenya. Fundi akisikia mtu anaongea hivyo, atamshuku kwa lipi? Matapeli tuliowazoea hawajui hata E6010 ni kitu gani.

Baada ya hapo ndipo ikaja barua ya kazi ya Alberta, Kanada. LMIA, yaani idhini ya mwajiri wa Kanada kuajiri mgeni, laki moja na nusu, Red Seal ya ufundi elfu themanini, zote M-Pesa, namba ya mtu binafsi. Kisha wakatumiwa WhatsApp picha za vibali vya kazi vyenye majina yao. Watu wameuza mashine zao za kuchomelea, wallahi. Mshenzi huyu afungwe, na aliyemkodisha karakana naye aulizwe.

Sasa shikeni haya. LMIA huombwa na mwajiri, naye ndiye hulipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi. Sheria inamkataza kumtoza mfanyakazi. Wewe unailipa IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, dola 155 za ombi la kibali na 85 za alama za vidole, basi. Red Seal ni mtihani, unafanyiwa mikoani huko Kanada, na kupita ni asilimia 70. Kibali chenyewe unakipewa na ofisa wa mpakani siku unayoingia. Ukiwa huku unapata viza na barua ya kuonyesha mpakani tu. Kwa hiyo kibali kilichochapishwa ukiwa bado Changamwe ni karatasi ya kufungia viazi karai. Na kama vidole havijachukuliwa, hakuna viza "iliyotoka".

Hata ule mtihani ulikuwa mchezo. E7018 zilitoka kwenye pakiti iliyoachwa wazi, oveni hakuna. Rodi hizo zikivuta unyevu, na unyevu wa pwani mnaujua, haidrojeni inaingia kwenye mshono na chuma kinapasuka baadaye. Tena hakuna bomba lililokatwa vipande likakunjwa kuupima mshono, wala kupigwa eksirei. Yote yalitupwa kwenye chuma chakavu.

Mshauri wa uhamiaji wa Kanada anayetoza ada lazima awe kwenye rejista ya CICC, chombo kinachosimamia washauri hao, au awe wakili wa huko. Wakala wa ajira wa Kenya awe na leseni ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya. Majina yanatafutika mtandaoni, bure.

Afungwe, narudia. Waliolipa msifute ujumbe wa M-Pesa wala wa WhatsApp; nendeni DCI, kwa wapelelezi, kwa pamoja, mkieleza pia kwamba pasipoti zenu anazo yeye. Atakayemwona Likoni au Mtwapa aite polisi kabla hajavuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania.