Parki ya Kofa kule Arizona: bure kabisa, ila maji ubebe yako

Wandugu wa Goma wenye muko na familia kule Phoenix, mukienda kuwatembelea musikae paka mu nyumba na mu maduka. Sisi tulikodi motoka-nyumba, ile iko na kitanda, jiko na choo ndani, kaka yangu akashika usukani, tukaenda kulala Kofa, hifadhi ya wanyama mu jangwa la kusini-magharibi mwa Arizona. Ninaipa nyota nne.

Kuingia bure, kulala bure, mwisho siku 14 kwa mwaka. Hakuna gardi wa kukutangulia kama Virunga, na usitafute bomba ya maji. Maji na vyote unavyohitaji unavitoa Quartzsite, muji mudogo wa karibu, na takataka unarudi nazo. Mutu wa Goma anajua kupima maji ya bidoni mpaka jioni, lakini kule ongeza, juu hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka na jasho hata huioni. Enda mwezi wa 12 mpaka wa 2. Mu kiangazi chao joto linapita digrii 40, na hata mu miezi mizuri usiku baridi inakamata, beba judo na blanketi.

Fasi yenye ilinifurahisha zaidi ni Palm Canyon. Unatoka ku barabara ya 95, unakula vumbi na mawe kama kilometa 11, halafu unapanda kwa miguu. Njia ni fupi ila mawe yanateleza. Ukifika juu, angalia mu ufa wa mulima upande wa kaskazini: mitende imesimama mule ndani, mibichi kabisa, na kando yote ni mawe makavu! Fika karibu saa sita mchana, juu ule ufa ni mwembamba na jua linaingia mule kwa muda kidogo tu.

Kondoo wa pembe kubwa ni wagumu kuona, rangi yao na ya mawe ni moja. Sisi tulisikia kwanza vijiwe vinaporomoka, ndio tukawaona majike matatu wanapanda ukuta wa mulima bila haraka. Nilipenda sana kujua kama ni maskauti wa Arizona walianza kampeni ya kuwaokoa mu 1936, na mu 1939 serikali ikafanya ile fasi kuwa hifadhi. Watoto wa skauti, wandugu! Wetu wa hapa nao wanaweza.

Chunga miiba ya cholla, ile kaktasi yenye vipande vinavyoruka ku nguo ukiigusa kidogo. Mutoto wa kaka ilimushika ku kiatu, tukaitoa na kichanuo, usijaribu na mukono. Na chuma yoyote ya ajabu chini, usiiguse, juu majeshi walifanya mazoezi kule wakati wa vita ya pili ya dunia na mabomu mengine hayakulipuka. Sisi hiyo somo tunaijua.

Nyota moja yenye nimepunguza ni juu ya barabara, motoka kubwa inateseka mule, vyombo vyote vilianguka mu kabati. Kodi motoka ndogo, na kabla ya kulipa uliza kama mwenye motoka anaruhusu barabara ya udongo, juu wengi wanakataza. Na ukipaki, baki ndani ya mita 30 toka barabarani, ni sheria yao.