Gitea ya ofisini au GitHub? Nimetumia zote, haya ndo niliyoyaona

Wenye timu ndogo za kuandika programu mnaouliza repo (folda ya msimbo wa programu pamoja na historia ya mabadiliko yake) muweke wapi, sisi tuko watano hapa Dar, tuna Gitea, programu ya kutunza repo kwenye mashine yako mwenyewe, kwenye kikompyuta cha ramu 4GB kilichokaa chini ya meza pembeni ya rauta, na akaunti GitHub, tovuti inayokutunzia repo mtandaoni, pia tunayo.

Gitea imenikosha jamani. Ni faili moja tu, unashusha, unawasha, unafungua poti 3000 kwenye brauza umemaliza, na database SQLite inatutosha kabisa. GitLab, nyingine ya aina hiyohiyo, niliiangalia nikaiacha, ile ingemeza ramu yote.

Thamani ya Gitea niliiona Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini. Jumatatu ile tarehe 13 mwenzangu anapushi (anapeleka msimbo wake) GitHub, asilimia zimeganda kwenye 14, dakika zinakwenda, akageuza kupeleka Gitea sekunde mbili tu imeingia, maana haitoki nje ya waya wa ofisi, siku nzima tukafanya kazi kama kawaida.

Sasa ubaya wake, huu uliniuma sana. Umeme ulikatika ukarudi na nguvu, diski ikafa, na bekapu nilikuwa nimeiweka kwenye diski hiyohiyo!! Tulichoandika hatukupoteza hata mstari, kila laptopu ina nakala nzima ya repo na historia yake, git, programu inayotunza hiyo historia, ndivyo ilivyo, lakini tiketi, yaani maelezo ya hitilafu na kazi za kufanya, zinakaa kwenye database siyo kwenye repo, kwahiyo za miezi minane zote zikaenda. Dada anayetujaribia programu alikuwa ameandika kila hitilafu na picha yake, nilipomwambia akakaa kimya tu, nikakosa hata neno la kumwambia.

GitHub huwazi diski wala UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na repo za siri ni bure tangu 2019. Ila faili ikizidi 100MB inakataa, halafu iko chini ya sheria za Marekani, mwaka huohuo 2019 watu wa Iran na Syria walifungiwa repo zao za siri kwa ajili ya vikwazo.

Sisi tumebaki Gitea. Kila kinachopushiwa inakipeleka yenyewe na GitHub, na kwa ajili ya tiketi kila usiku amri ya gitea dump inatoa zipu ya kila kitu kwenye diski ya nje, Ijumaa naibeba nyumbani. Kama kwenu hakuna mtu wa kuibeba hiyo diski kila wiki bila kukumbushwa, wekeni GitHub tu.