Kurenda HDR: kadi ya grafiki au prosesa? Uzoefu wangu

Nafanya video za harusi na sendofu hapa Dar, nyingine kwa HDR (video yenye mwangaza na rangi pana kuliko ya kawaida), na maharusi wengi siku hizi wanataka shoti za alfajiri Coco Beach, jua likichomoza baharini. Ndizo zinazoiumbua enkoda, yaani kifaa au programu inayobana video. Anga linaanza chungwa pale juu ya maji, linafifia taratibu mpaka buluu, na hakuna jani wala sura ya mtu ya kuficha kasoro.

Nikirenda (yaani nikitoa faili la mwisho) HEVC, mfumo wa kubana video, ya biti 10 kwa kadi ya grafiki, kwa bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) ileile ninayotumia kwa shughuli za ukumbini, anga hilo linakatika matabaka kama ngazi. Bwana harusi mmoja aliliona kwenye TV ya sebuleni kwao: "Kaka, mbona juu kuna mistari?" Wala si kwamba rangi hazitoshi. Biti 10 zinatoa viwango 1024 kwa kila rangi, wakati biti 8 zina 256 tu. Tatizo ni kwamba saketi ya kadi imeundwa iwahi kumaliza, hivyo tofauti ndogondogo inazifuta. x265, programu ya kutengeneza HEVC inayotumia prosesa, ukiiweka kwenye "slow" (polepole) inajaribu njia nyingi zaidi za kuigawa fremu kabla ya kuamua, na biti inazipeleka zaidi kwenye sehemu laini. Faili la ukubwa uleule, anga safi.

Sasa gharama yake. Kazi ambayo kadi inaimaliza nikinywa chai, prosesa inakesha nayo, feni zinavuma, chumba kinakuwa joto (na joto la Februari mnalijua), LUKU inashuka. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. UPS yangu inanipa muda wa kuzima mashine vizuri, basi.

Ukumbini sioni sababu ya kujitesa hivyo. Taa zinacheza, watu wanarusha mikono, keki inakatwa. Hapo napandisha bitreti kidogo na kadi inatosha kabisa. Tena natoa HLG, aina ya HDR iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, kwa sababu haihitaji metadata (taarifa za ziada ndani ya faili) ya mwangaza na hata TV isiyo ya HDR inaweza kuionyesha, japo rangi zinaweza kupauka kidogo. Wateja wangu wengi wana TV za namna hiyo.

HDR10, aina nyingine ya HDR, ni habari nyingine. Inatumia PQ, njia yake ya kuandika mwangaza, na faili linatakiwa libebe taarifa za skrini iliyotumika kusahihisha rangi pamoja na mwangaza wa juu kabisa. Kwenye x265 naziandika mwenyewe. Kwa kadi inategemea programu unayorendia, kwa hiyo kabla ya kukabidhi nalifungua faili kwenye MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za faili, nizione kwa macho yangu.

Anayetaka HDR10 namtoza zaidi, maana usiku huo mashine haishiki kazi ya mtu mwingine.