Uzoefu wangu: saa 30 za mafunzo ya walimu kuhusu historia ya Weusi na usawa wa rangi Marekani

Nafundisha historia darasa la 8 nchini Marekani, na haya ni maoni yangu kwa walimu wenzangu wanaofikiria kulipia mafunzo ya aina hii. Kwa kifupi: siku 2 za nyaraka ni mafunzo kazini bora kuliko yote niliyowahi kupewa. Nusu siku ya takwimu ni nzuri lakini iliharakishwa. Zoezi la asubuhi ya kwanza lingefutwa kabisa.

Ratiba ilikuwa siku 5 za mwezi Juni, halafu vikao 3 vya jioni kati ya Septemba na Januari. Walimu 24, wawezeshaji 2. Saa zote zinahesabiwa katika kuhuisha leseni.

Nianze na nyaraka, maana ndiko kwenye nyama. Mwaka 1936 hadi 1938 mradi wa waandishi wa serikali ya shirikisho ulikusanya masimulizi ya wazee waliozaliwa utumwani. Maktaba ya Bunge la Marekani inayo zaidi ya 2,300, na yanasomeka bure mtandaoni. Hatari yake ni kwamba wahojaji wengi walikuwa Wazungu, katika Kusini ile ile ya ubaguzi wa kisheria, na wazee wengi walikuwa fukara waliotegemea msaada. Mwalimu akichomoa simulizi moja tu na kuligawa, anaweza kuwafundisha watoto kwamba utumwa ulikuwa na upole wake, bila yeye kukusudia.

Dawa tuliyofundishwa ni kumsoma Susan Hamlin wa Charleston, South Carolina, ambaye alihojiwa mara mbili mwaka 1937. Mbele ya Jessie Butler, mwanamke Mzungu ambaye bibi alidhani ametoka ofisi ya ustawi, bwana aliyemmiliki anatoka mtu mwema. Mbele ya Augustus Ladson, mwanamume Mweusi, zinatoka habari za viboko na za familia zilizotenganishwa. Unachapa mahojiano yote mawili, unafuta majina ya wahojaji, unawapa nusu ya wanafunzi mahojiano ya kwanza na nusu nyingine ya pili. Dakika 12 za kusoma na kupigia mstari kila sentensi inayomhusu bwana. Kisha wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, wanabadilishana walichosoma. Majina ya wahojaji unayatoa mwisho kabisa. Ukiyatoa mapema, watoto wanakimbilia jibu na hawarudi tena kwenye maandishi.

Mambo mawili huharibu somo hili. La kwanza, jina la bibi limeandikwa Hamlin kwenye hati moja na Hamilton kwenye nyingine, na darasa hudhani ni watu wawili. Sema mapema kwamba ni mtu mmoja. La pili ni tahajia. Wahojaji waliandika lafudhi ya wazee kwa namna ya kuikejeli, kwa hiyo usimpe mtoto yeyote asome kwa sauti, sembuse mtoto Mweusi pekee darasani. Kusoma kimya kunatosha.

Siku ya pili ilikuwa Montgomery, mji wa Alabama ambako Weusi walisusia mabasi yaliyowabagua, na hapa wawezeshaji walifanya kazi ya kusifiwa. Karibu kila kitabu cha shule humleta Rosa Parks kama mama aliyechoka miguu, akakataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, na historia ikaanza. Sisi tulipewa karatasi 5 na kuambiwa tuzipange kwa tarehe: barua ya Jo Ann Robinson kwa meya ya tarehe 21 Mei 1954, inayoonya juu ya kususia mabasi, kukamatwa kwa Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, tarehe 2 Machi 1955, kukamatwa kwa Parks tarehe 1 Desemba 1955, vipeperushi vilivyochapwa usiku huohuo, na kesi ya Browder dhidi ya Gayle ya 1956. Ukishazipanga, swali la darasa linajitokeza lenyewe: nani alikuwa amejiandaa, na tangu lini? Watoto hushangaa kwamba kesi iliyoondoa ubaguzi katika mabasi yale ilikuwa ya wanawake wengine, akiwemo Colvin, na Parks hakuwa mmoja wa wadai. Kususia kulidumu siku 381. Waambie wahesabu ni safari ngapi za kwenda na kurudi kazini kwa miguu, ndipo wataelewa kwamba ule ulikuwa utaratibu wa magari ya kupeana lifti, michango na mikutano, wala haukuwa hasira ya siku moja.

Ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930, zile zenye mitaa ya Weusi iliyopakwa rangi nyekundu kama mitaa ya hatari kukopesha, tulizipitia kwa saa moja. Ni rahisi kuzitumia: tafuta ya mji wako, iweke juu ya ramani ya leo.

Sasa kasoro. Somo la asili ya watu liliandaliwa vibaya. Lilianza na meli, 1619, watu "ishirini na kitu" wakishushwa Virginia wakiwa hawana nchi wala lugha. Watu wale walitoka Angola, eneo la ufalme wa Ndongo, na lugha yao, Kimbundu, ni ya Kibantu kama Kiswahili. Dakika 20 tu juu ya Ndongo zingebadilisha picha yote. Mwezeshaji akaongeza kwamba maneno ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, ni lugha ya mababu waliotekwa. Sivyo. Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 na Maulana Karenga, naye alichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Afrika isiyofungwa na kabila moja. Waliopelekwa Amerika ya Kaskazini walitoka zaidi Afrika Magharibi na Afrika ya Kati upande wa Atlantiki. Mwalimu mwenye wanafunzi kutoka Kongo au Tanzania akirudia kosa hili, watoto wenyewe watamsahihisha, na wana haki.

Jambo moja la lugha lilinigusa. Walimu walijadili kwa nusu saa kwamba waseme "waliofanywa watumwa" badala ya "watumwa", ili kitendo cha mtendaji kionekane. Neno letu mtumwa limebeba kutendwa ndani yake, ni aliyetumwa na mwingine. Hata hivyo nakubaliana nao, maana tumelizoea hata hatulisikii tena.

Zoezi nililosema lifutwe ni lile la kupanga watu mstari na kuwaambia wapige hatua mbele au nyuma kulingana na maisha yao. Linaisha kwa walimu Weusi wawili watatu kusimama nyuma, wakitazamwa. Wenzao wanajifunza kwa gharama yao, na chumba kinanyamaza hadi chakula cha mchana. Kwa sababu hiyo hiyo usiwahi kuigiza mnada wa watu darasani.

Takwimu za nidhamu zilistahili siku nzima. Hesabu ni hii. Shule ya wanafunzi 400, Weusi 100. Waliosimamishwa masomo ni 20, kati yao Weusi 12. Usiseme "12 kwa 8". Gawanya kila kundi kwa idadi yake: 12 kwa 100 ni asilimia 12; 8 kwa 300 ni asilimia 2.7. Uwiano ni karibu 4.5. Hesabu wanafunzi, si matukio, la sivyo mtoto mmoja aliyesimamishwa mara 6 atapotosha picha. Kisha tenga makosa yenye ushahidi, kama kuleta kisu, na yale yanayotegemea macho ya mwalimu, kama "ukaidi". Pengo kubwa hujificha katika kundi la pili. Na kumbuka kisanduku cha "Mweusi" kwenye fomu kinamchanganya mtoto aliyezaliwa Ohio na aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Ukiweza, tenganisha kwa lugha ya nyumbani, maana msaada wanaouhitaji si mmoja.

Kabla ya kulipa, ulizia pia ukurasa wa sheria za jimbo lako. Florida, kwa mfano, inadai historia ya Wamarekani Weusi ifundishwe tangu sheria ya 1994, na mwaka 2022 ikapitisha nyingine inayobana namna ya kuzungumzia rangi. Mwalimu anahitaji kujua zote mbili kabla mzazi hajapiga simu. Sisi hatukupewa ukurasa huo.

Vikao vya jioni ndivyo vilivyookoa pesa yetu. Kila mwalimu alileta andalio moja la somo na kazi 6 za wanafunzi, 2 nzuri, 2 za wastani, 2 zilizokwama, na wenzake wakaandika ni hati ipi ilimsaidia mtoto na ipi ilimpoteza. Mafunzo yasiyo na kikao hata kimoja cha namna hiyo singeyalipia, hata yakiwa na wasemaji wakubwa.