Pikipiki za zamani za Kijapani Nyanda za Juu Kusini: uanze kununua ipi

Vijana wanaopita hapa Uyole, Mbeya, huniuliza swali moja: "Kaka, nataka kufufua pikipiki ya zamani, nianze na ipi?" Miaka ya nyuma ningewajibu waanze na ile wanayoipenda. Siku hizi nawaambia waanze na ile ambayo haijapungua kitu, iwe inawaka au haiwaki.

Injini iliyokufa inafufuka Mbeya. Bloki inachongwa kwa mashine, pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali) inapatikana, na beringi ina namba yake ubavuni, mwenye duka la beringi haulizi kama inakwenda kwenye pikipiki au kwenye kinu cha kukoboa mpunga. Shida ni kifuniko cha pembeni cha plastiki, kizibo cha tangi na ufunguo wake, kava la cheni, mita ya spidi, bakuli la taa ya mbele. Honda XL yangu ya kwanza niliinunua Chimala. Iliwaka kwa kiki ya pili, nikafurahi, nikalipa. Haikuwa na vifuniko vya pembeni, na kuvitafuta kulinichukua miezi kumi na moja. Iliyofuata ilikuwa Honda CG iliyolala kwenye banda la kuku, mashine imeganda, kiki haishuki hata kidogo. Lakini ilikuwa na kila kitu chake, hadi kibao cha kiwandani shingoni. Ndani ya wiki sita ilikuwa barabarani.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa urahisi wa kuikamilisha pikipiki ukiwa huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, kwa spea na mafundi tulio nao. Kwa bei, ya isiyowaka mimi sivuki robo ya bei ya bodaboda mpya ya dukani, na ikiwa imepungua vitu nashuka zaidi.

Nyingi ziliingia kupitia misheni, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, idara za kilimo na mifugo, na miradi ya wafadhili. Ndiyo maana leo ziko majumbani kwa wastaafu: bwana shamba, mwinjilisti, mwalimu. Ukienda huko, nenda kama mgeni. Salimia, kaa, sikiliza habari za pikipiki yenyewe, maana mzee aliyeiendesha miaka ishirini atakuambia bila kuulizwa ilianguka wapi na nani aliigusa injini. Maelezo hayo huyapati kwa dalali.

Angalia pia ilikokaa. Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na pikipiki ya Tukuyu inaliwa na kutu kutoka ndani: tangi chini, rimu kwenye matundu ya spoku, na fremu pale maji yanapotuama. Ya Usangu au Pawaga chuma chake kitakuwa kizuri, lakini vumbi limeshasaga ringi na bloki. Mimi huchagua ya vumbi. Bloki nitaichonga, fremu iliyooza siwezi kuichonga.

1. Honda CG125

Ilitoka mwaka 1976, na Honda waliichora kwa ajili ya nchi ambako mwendeshaji habadilishi oili kwa wakati na fundi yuko mbali. Kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, imewekwa chini, valvu zinasukumwa na fimbo mbili, kwa hiyo haina cheni ya ndani ya kulegea. Cheni ya nje imefunikwa yote kwa kava la bati. Silinda yake ni ya kipenyo cha milimita 56.5 kwa mwendo wa pistoni wa 49.5, yaani cc 124.

Wachina waliuchukua mchoro huo na kuujengea dunia nzima. Bodaboda nyingi za cc 125 na 150 zinazosubiri abiria Kabwe au Mafiati hapa Mbeya zina injini ya ukoo huo. Faida unaiona mara moja: gasketi, sahani za klachi, ringi, valvu na kabureta viko sokoni Mwanjelwa, na fundi kijana anaifungua injini hii bila kuuliza mtu. Nenda na kipande chako cha zamani mkononi na upime kwa venia (kipimo cha milimita) kabla ya kulipa, kwani si kila kopi inalingana na ya Kijapani.

Hatari yake inatoka hapohapo. Injini ya Kichina inaingia kwenye fremu ya CG kwa kazi ndogo sana, na wengi wameshaingiza. Pangusa grisi upande wa chini wa injini, usome namba. Ya Honda inaanza na CG125E. Ukikuta 156FMI au 162FMJ, hiyo ni injini ya Kichina ya 125 au ya 150, haijalishi kifuniko kina nembo gani. Kwa kazi ya kila siku haina ubaya, lakini usiilipie bei ya pikipiki ya kihistoria.

Kwa mradi wa kwanza, nunua hii. Haina umbo la kumfanya mtu ageuke barabarani, ila utaimaliza.

2. Honda XL125S na XL185S

Hizi ndizo ninazozipenda, na nimezishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu moja tu, nayo ni plastiki. Ni za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980: tairi la mbele la inchi 21, madigadi iliyonyanyuka, tangi jembamba, kiti kirefu. Kwa njia ya Makete wakati wa masika hakuna kitu nilichowahi kupanda kikanipa utulivu kama XL185S. Inapanda taratibu kwa gia ya pili, hailalamiki.

Kemshafti iko juu kwenye hedi na inaishi kwa oili. Oili yenyewe ni kama lita moja tu, hivyo aliyeisahau kwa miezi michache amekula hedi. Fungua vizibo viwili vya valvu, ingiza kidole na tochi. Meno ya kemu yakiwa na mikwaruzo au yamechubuka, ondoa gharama ya hedi nzima kwenye bei. Sikiliza pia cheni ya ndani: mlio wa kugonga unaoisha ukiongeza gesi unaweza kutulizwa kwa kurekebisha mkazo, usioisha unahitaji cheni mpya.

Umeme wake wa asili ni wa volti 6, na balbu za volti 6 zimeadimika. Wengi hubadilisha kuwa wa volti 12. Mimi nakubali mabadiliko hayo mradi wayaringi ya zamani haikukatwa ikatupwa. Ikikatwa, utaanza kukisia rangi za nyaya moja moja.

3. Yamaha DT125 na DT175

Hapa tunaingia kwenye tustroki, injini inayounguza oili pamoja na petroli. Mlio wake ukisikika Ipogolo, Iringa, asubuhi, wazee wanatoka nje. Nguvu yake ni kubwa kwa uzito wake, na injini ni nyepesi kutengeneza: haina valvu, haina kemu. Bloki, pistoni, krankshafti, basi. DT175 ina silinda ya milimita 66 kwa 50, cc 171.

Jambo la kwanza la kuuliza ni pampu ya oili. Yamaha waliiweka ili oili ikae kwenye tangi lake na kuingia kwenye injini yenyewe. Mafundi wengi huku waliifunga wakaanza kuchanganya oili kwenye tangi la petroli. Si kosa, lakini uwiano lazima uujue: mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli ni moja kwa ishirini na tano, na mimi kwa injini iliyotoka kuchongwa siendi chini ya hapo. Muuzaji akisema "naweka kidogo tu", tegemea pistoni iliyokwaruzwa.

Halafu kuna miteremko yetu. Injini ya mchanganyiko inapata oili pale tu inapopata petroli. Ukiteremka mlima Kitonga umefunga gesi kabisa na gia inashikilia, pistoni inazunguka kwa kasi karibu kavu. Fungua gesi kidogo kila baada ya muda mfupi, au bonyeza klachi na utumie breki. Nimefungua bloki mbili za DT zilizokwaruzwa upande wa eksozi, na wenye nazo wote wawili walikuwa wametoka kuteremka mlima.

Urefu wa mahali nao una neno. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam inamwaga petroli nyingi mno: plagi nyeusi, moshi mweusi, nguvu imepungua. Muuzaji na mnunuzi wote hudhani ringi zimekwisha. Pandisha kipini cha sindano ya kabureta nafasi moja, sindano ishuke, uone tofauti. Lakini ukiisetia Mbeya kisha ukateremka nayo Kyela, kule karibu na ziwa kwenye mita 500 hivi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na tustroki iliyokauka inachemka hadi inajam. Rudisha kipini kabla ya safari. Kwa Honda hizo mbili za juu kosa hili litakupunguzia nguvu, kwa DT litakula pistoni.

Namba ni rahisi kuzikagua: kwa Yamaha za wakati huo namba ya fremu na ya injini zinafanana. Zikitofautiana, ujue injini imebadilishwa. Kwa Honda kutofautiana ni kawaida.

4. Yamaha AG100

Pikipiki ya shamba, na jina lake linatokana na kilimo. Keria mbele na nyuma, stendi ya pembeni kushoto na kulia, cheni ndani ya kava. Ni tustroki ndogo isiyo na haraka. Iko ya nne kwa sababu wengi hawaitafuti, na hilo ni zuri kwa mnunuzi: mara nyingi utaikuta imekamilika, bei iko chini, na aliyeitumia alikuwa mtu mzima wa kazi. Ukiipata yenye keria zote mbili, usibishane sana.

5. Honda C70 na C90

Ukoo wa Super Cub ulianza 1958, na mwaka 2017 Honda walivuka pikipiki milioni 100 za ukoo huo. Injini haina mfano kwa uvumilivu. Tatizo la hapa ni mwili: fremu ni bati lililokandamizwa, maji na matope ya Rungwe yanaingia ndani na kuila bila wewe kuona. Gonga kwa kidole chini ya kiti na kwenye kishikio cha shokapu za nyuma, sauti ikiwa nzito na ya vumbi iache. Ya Iringa au Mafinga iliyokaa ndani, chukua.

6. Suzuki A100 na TF125, Kawasaki KE100

Mashine nzuri, spea za mbali. A100 na KE100 kabureta yake imefichwa ndani ya kava la injini upande wa kulia, na sili ya kava hilo ikichoka matope yanaingia. Nunua ukiwa na ya pili ya kunyofoa spea.

7. Honda XL250S na XL500S

Zinavutia, najua. Tairi la mbele ni la inchi 23, saizi ambayo huikuti duka lolote la tairi barabara nzima hii. Iache mpaka uwe umemaliza mbili nyingine.

Siku ya kukagua

Fika injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, subiri ipoe. Bonyeza kiki kwa mkono: inapaswa kukusukuma nyuma. Shika sproketi ya mbele na uitikise. Kagua nguzo za shokapu za mbele, vijitundu vya kutu pale sili inapopita vitatoboa kila sili mpya utakayoweka.

Tazama vichwa vya skrubu za kava la injini. Skrubu za Kijapani za nyota hazilingani sawasawa na bisibisi ya nyota ya kawaida, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Zikiwa zimeharibika vichwa zote, mikono mingi imeshapita ndani. Wewe nunua bisibisi ya kupigwa kwa nyundo kabla ya kununua pikipiki. Ukitafuta spea za Honda kwa namba, kundi la tarakimu la katikati ndilo linalotaja modeli.

Kadi

Linganisha kadi na namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, kwa tochi, herufi kwa herufi. Ukikuta chuma cha eneo hilo kimesuguliwa kwa tupa, ondoka. Iliyokuwa na namba za SU (shirika la umma) au za mradi iwe na karatasi ya mnada.

Mara nyingi jina kwenye kadi ni la marehemu. Mama au kijana wa nyumbani atakuuzia kwa nia njema kabisa, kisha TRA hawatahamisha umiliki bila barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Nimeona pikipiki iliyopakwa rangi vizuri sana ikikaa sebuleni mwaka mzima kwa sababu hiyo, ndugu wawili hawajakubaliana. Msaidie mama huyo afungue mirathi kwanza, hata ukilazimika kumlipia nauli ya kwenda mahakamani, ndipo mwende kwa wakili kuandika mkataba. Ndani yake ziandikwe namba zote mbili, ya fremu na ya injini, kama zilivyogongwa kwenye chuma, hata pale kadi ilipokosea herufi.