Beta-katenini kwenye kiini: hadubini au bloti?

Beta-katenini ni protini ya seli yenye kazi mbili. Kwenye utando wa seli hushikamana na protini ziitwazo kadherini kuunganisha seli jirani. Ikiingia kwenye kiini, huungana na protini za TCF, zinazoshika DNA, na kuwasha jeni kama MYC, inayochochea seli kugawanyika. Yenyewe haishiki DNA. Sasa, uthibitishe vipi kwamba imeingia? Njia ni mbili, na zote hutumia kingamwili, yaani protini inayonasa protini unayoitafuta: hadubini, ambapo kingamwili yenye rangi huing'arisha ndani ya seli, au bloti (western blot), ambapo seli hupondwa, viini hutenganishwa, na protini iliyomo hupimwa.

Kwa gharama, bloti inashinda: sentrifuji na kingamwili chache zinatosha, wakati hadubini ya konfokali, inayopiga picha tabaka moja moja kwa leza, ni ghali kununua na kuitunza. Ila bloti huponda seli zote pamoja. Seli kumi kati ya mia zikiwa na protini kiinini, utaona wastani tu, usijue ni zipi. Hadubini inakuonyesha seli moja moja, na mahali zilipo.

Kwenye uaminifu ndipo ugomvi ulipo. Mng'ao wa utando ni mkali kiasi cha kuufunika ule hafifu wa kiini, na jicho huona linachotaka. Bloti nayo huchafuka: saitoplazimu (sehemu ya seli nje ya kiini) kidogo ikibaki kwenye sampuli ya kiini, matokeo yanadanganya. Mimi siamini bloti isiyo na lamini (protini ya kiini) na tubulini (protini ya saitoplazimu) pembeni kama vidhibiti vya kuonyesha sampuli ni safi.

Una kipande cha tishu? Chukua hadubini. Una seli nyingi za maabara zinazofanana, na unataka kulinganisha kiasi? Bloti. Na kama swali lako ni iwapo jeni zimewaka kweli, zote mbili hazitoshi. Pima RNA ya jeni zenyewe.